Ndiyo, Niligeuka. Sasa Tuongee Kuhusu Vibes na Inshallah

Komenti iliyopata laiki nyingi kwa ile video yangu ya Mlima Meru inasema hivi: "Aliacha chuo, sasa ameacha mlima." Watu zaidi ya mia nne waliipenda. Hata mimi nilicheka, nisiwadanganye. Lakini chini yake kulikuwa na zingine kibao, na karibu zote zilikuwa zinaimba wimbo mmoja: ungesonga tu, si ulikuwa umefika?

Nilikuwa sijafika. Nilikuwa Cobra Point, kama mita 4,350, na kilele cha Meru kiko mita 4,562. Kwa karatasi hizo ni mita mia mbili na kitu, unaweza kuziona ndogo ukiwa umelala kitandani Umoja na bando ya usiku. Kule juu ni saa nzima ya kupanda, na zaidi kama umechoka, halafu lazima uzirudie zote ukishuka. Na kwa kikundi chetu cha wanne kulikuwa na mtu mmoja aliyeshindwa kutembea kwa mstari ulionyooka. Nitafika hapo.

Hii posti ni ya kubishana, kwa hivyo kama umekuja kutafuta picha za jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro, ziko kwa ile video. Ninabishana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni nyinyi wa vibes na inshallah, wale wanasema mlima haupangwi, unaingia gari Ijumaa usiku na mengine yatajipa. Wa pili ni wale wanasema kama hujawahi kufungwa kamba kiunoni, kaa nyumbani, hiyo ni michezo ya wazungu na watoto wa Karen. Nyinyi wawili mnadhani mnapingana. Mimi naona mnaamini kitu kimoja, kwamba kupanga ni ya watu fulani, na sisi wengine tuna bahati tu ya kutegemea.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe, ndio mjue siongei kama mtakatifu.

Mwaka uliopita nilienda Mlima Kenya na kikundi cha wikendi. Sitawataja, na hata ningewataja mngepata wengine kumi wanauza kitu kile kile. Tulikuwa watu ishirini na sita. Waongozaji walikuwa wawili. Siku ya kwanza tulitembea kutoka geti la Sirimon hadi Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili hadi Shipton's, mita 4,200. Siku ya tatu tukaamshwa saa nane usiku twende Lenana, mita 4,985, halafu tushuke hadi getini, halafu matatu, halafu Jumatatu watu wako kazini. Bango lilikuwa limeandikwa "kwa wanaoanza pia". Mimi nilipewa nafasi ya bure ili nipige video.

Beshte yangu alikuja kwa sababu yangu. Tulitoka shule moja, yeye alimaliza chuo, mimi nilitoka mwaka wa pili. Hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko Ngong. Huko Shipton's hakula usiku. Alisema kichwa kinagonga. Mwongozaji akasema ni kawaida, atazoea. Saa kumi alfajiri akatapika mara mbili kwenye changarawe, na tulipofika pale karibu na juu, ambapo kuna vyuma na kebo za kushikilia, alikuwa anaongea na mimi akiniita kwa jina la dadake.

Nilifanya nini? Nilipiga video. Nikamshika mkono, nikampandisha, nikamkalisha kando ya kibao cha Lenana, jua likatoka, na nikapata picha nzuri kuliko zote nimewahi kupata. Kwa ile video yupo nyuma kidogo, amekaa, ameinama. Mnadhani anaomba. Watu wengi waliandika "hii imenigusa, anashukuru Mungu." Alikuwa anajaribu asitapike tena.

Alipona. Tulivyoshuka chini ya Shipton's kichwa kilianza kufunguka, kufika getini anakula chapati. Kwa hivyo mtasema, si alipona? Ndiyo. Na ile video ndiyo ilinipa wafuasi wengi wa kwanza, na karibu kila wiki kuna mtu anaandika kwamba aliona hiyo video akalipia safari. Hiyo ndiyo inanikosesha usingizi. Nilikata dakika zote mbaya nikawauzia zilizobaki.

Sasa hesabu. Watu waliosoma mambo ya mwili na miinuko wana kanuni rahisi: ukishapita mita 3,000, usilale usiku huu zaidi ya mita 500 juu ya pale ulilala jana. Ni ushauri, si sheria ya Bunge, na miili inatofautiana. Lakini cheki ile ratiba tuliyouziwa. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900 kwa usiku mmoja, na tulikuwa tumetoka Nairobi asubuhi ya jana yake. Hakuna mtu alikuwa dhaifu pale. Hakuna mtu "hakuwa na moyo". Ratiba yenyewe ilikuwa imepangwa kwa kalenda ya ofisi, mlima ukaambiwa utoshee Jumamosi na Jumapili. Halafu mtu akiumwa anaambiwa hakufanya mazoezi.

Nikisema mjipangie, simaanishi muwe matajiri. Hii ndiyo inaniudhi zaidi na ile kambi ya pili.

Kuna hadithi ya kweli ambayo napenda. Mwaka 1943, Waitaliano watatu walikuwa wafungwa wa vita kwenye kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Kila asubuhi mawingu yakifunguka wanaona Mlima Kenya. Mmoja, Felice Benuzzi, akaamua watatoroka waupande, kisha warudi kambini wenyewe wajisalimishe. Hawakuwa na ramani. Moja ya picha chache za mlima walizokuwa nazo ilikuwa imechorwa kwa lebo ya mkebe wa nyama. Kamba walitoa kwa nyuzi za mkonge za vitanda. Vyuma vya kuvaa kwa viatu ili wasiteleze kwa barafu walivitengeneza kwa vipande vya vyuma vilivyotupwa. Shoka za barafu zilikuwa nyundo. Walificha chakula kidogo kidogo kwa miezi. Na mwenzao wa tatu, Barsotti, hakuwa mpandaji, kwa hivyo yeye alibaki kwa kambi yao ya juu wakati wengine wawili wanajaribu Batian. Batian iliwashinda. Wakageuka. Baada ya hapo wakaenda Lenana, wakaweka bendera yao, wakashuka wakarudi jela kama walivyosema.

Wafungwa, wasee. Hawana hata viatu vya maana. Na bado walipanga kuliko sisi tuliokuwa na simu, M-Pesa na utabiri wa hali ya hewa mkononi. Walijua nani anaenda wapi na nani anabaki. Walijua chakula ni cha siku ngapi. Na iliposhindikana walijua kugeuka, na leo hakuna mtu anawaita waoga.

Kwa hivyo hiyo ya "ni mambo ya wazungu" pia muachane nayo. Kisoi Munyao ndiye alipandisha bendera ya Kenya pale Lenana nchi ilipopata uhuru Desemba 1963. Milima iko hapa kwetu na wapagazi wanaoibeba hiyo biashara yote ni wa hapa kwetu. Kinachokosekana ni habari kamili, na sehemu ya hilo kosa ni letu sisi wa kontenti.

Sasa Meru. Kwa nini Meru? Kwa sababu nilitaka mlima ambao una mgongo mwembamba wa kweli, ambao unatumia mikono na miguu, lakini hauhitaji kamba wala ujuzi wa kupanda majabali. Iko Tanzania, kando ya Arusha, ndani ya hifadhi ya taifa. Kutoka Nairobi ni basi hadi Namanga, unavuka, unaendelea. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na hii si mapambo, tuliwaona siku ya kwanza. Unalala Miriakamba, mita 2,514, halafu Saddle, mita 3,570. Usiku wa mwisho unaamka, unapanda hadi Rhino Point, na kuanzia hapo uko juu ya ukingo wa volkano iliyobomoka upande mmoja.

Nitaeleza ukingo wenyewe, maana hapa ndipo video zote zinawadanganya, pamoja na zangu.

Ukitoka Rhino Point unashuka kidogo, halafu kuna sehemu ya mwamba uliolala kwa mteremko ambapo wameweka minyororo ya kushika. Ikiwa kavu ni ya kuvuka tu taratibu. Ikiwa na barafu nyembamba ya alfajiri ni kitu kingine kabisa. Baada ya hapo ni majivu ya volkano, mchanga na mawe, njia inapanda na kushuka juu ya mgongo, na mkono wako wa kushoto kuna shimo la kreta. Shimo la kweli, kuta zake zinashuka mamia na mamia ya mita hadi kule chini ambapo kuna kakilima ka majivu kanakaa kama kichuguu. Kulia kuna mteremko mrefu wa changarawe.

Lakini hayo yote huyaoni ukienda. Unaenda saa saba, saa nane usiku. Unaona duara la tochi yako na visigino vya mtu wa mbele. Unajisikia jasiri. Unafika juu, jua linatoka, unapiga picha, halafu unageuka kurudi na ndipo unaona ulipopita. Kila hatua uliyopita gizani sasa unaipita ukiwa umechoka, magoti yanatetemeka, na shimo lote liko wazi machoni. Na hakuna njia nyingine ya kurudi. Wengi wanaogundua kwamba wanaogopa urefu wanagundua hapo, wakati ambapo hiyo habari haiwasaidii tena.

Ndio maana nasema swali la kwanza la kupanga mgongo wa mlima bila ujuzi wa kupanda si "niko fiti?" Fiti ni rahisi, panda ngazi za plot yenu na begi la kilo nane kwa miezi mitatu. Swali ni: mwili wangu unafanya nini nikiona utupu chini yangu mchana kweupe? Huwezi kulijibu kwa kufikiria. Kuna watu wagumu mtaani, wamepigana, wameendesha boda usiku Waiyaki Way bila taa, na wakikaa kwa ukingo miguu inakufa ganzi. Haina aibu yoyote. Lakini inafaa ujue ukiwa Longonot.

Na Longonot ndio tulianza. Kilele ni mita 2,776, unazunguka ukingo wa kreta kwa masaa kadhaa, kuna sehemu nyembamba zenye mteremko pande zote mbili na vumbi linaloteleza kama marumaru. Tulienda mara tatu. Mara ya kwanza kwa kawaida. Mara ya pili kinyume, ili zile sehemu tulizopanda tuzishuke. Mara ya tatu baada ya kulala vibaya makusudi, tukiwa na mabegi kamili. Mwenzetu mmoja, tulikuwa watano wakati huo, alikaa chini kwenye ile sehemu nyembamba ya kilele akasema hasongi. Tulimsubiri dakika arobaini. Akashuka kwa makalio. Jioni akatuambia Meru haendi, tukala nyama Mai Mahiu, mambo yakaisha. Angegundua hayo kwa minyororo ya Meru saa mbili asubuhi, ingekuwaje?

Halafu tulienda Lukenya, kule wapandaji wa Nairobi wamekuwa wakifanyia mazoezi tangu zamani, na msee mmoja anayejua akatufundisha kwa mawe ya chini kabisa, urefu wa kichwa changu. Mambo matatu tu nayakumbuka na yalitosha. Moja, viungo vitatu vinabaki kwa mwamba kila wakati, unasogeza kimoja tu. Mbili, jiwe unalipima kabla ya kuliamini, unaligonga, unalivuta chini kuelekea chini, hulivuti kuelekea kwako. La tatu ndilo lilibadilisha kila kitu: usipande mahali ambapo huwezi kushuka. Kila hatua ngumu tuliyopanda alitulazimisha turudi nayo chini, tukiangalia mwamba, bila kuruka. Nilidhani mimi ni hodari hadi aliponiambia shuka.

Na simu inaingia mfukoni. Nyinyi mnapiga video mkono mmoja ukiwa kwa mwamba, mnafanya nini? Mimi nimefanya, nitajibu mwenyewe: mnajiua polepole kwa ajili ya watu ambao wakimaliza kuwacheki wanaangalia paka.

Kwa urefu tulipanda Elephant Hill, kule Aberdare, zaidi ya mita 3,500, mvua ikatunyeshea kutoka kwenye mianzi hadi juu. Hapo ndipo nilijifunza kwamba jaketi yangu ya Gikomba iliyoandikwa haipitishi maji ilikuwa inapitisha maji. Nilinunua nyingine, pia Gikomba, lakini safari hii niliimwagia maji nyumbani kwanza. Buti za Toi, tochi ya kichwani na betri za ziada, glavu, helmeti tuliazima. Hakuna mtu alivaa jinsi. Bado naona watu wamevaa jinsi Mlima Kenya, na jinsi ikilowa usiku kwa baridi hiyo utajuta kuzaliwa.

Hata Meru inavunja ile kanuni ya mita 500, nisiwafiche. Miriakamba hadi Saddle ni zaidi ya mita 1,000. Kwa hivyo tuliongeza usiku mmoja pale Miriakamba, tukapanda Little Meru mchana kisha tukashuka kulala Saddle. Ililipiwa. Tulichelewa kwenda mwezi mzima ili doo ya huo usiku ipatikane, na ndiyo pesa sijutii hata kidogo. Kama bajeti yako haitoshi kulala usiku wa ziada, bajeti yako haitoshi Meru, bado. Nenda Longonot. Longonot ni tamu.

Kuna kitu kingine hakuna mtu anakiongelea kwa sababu kinatuaibisha wote. Wazazi. Mathe anadhani uko kesha ya kanisa, na wewe uko mita 4,000 na watu uliowajua kwa kikundi cha WhatsApp siku tisa zilizopita. Mimi ile safari ya Kenya nilimwambia mamangu naenda Naivasha kupiga picha za harusi. Sasa fikiria umevunjika mguu. Nani anajua uko wapi? Nani anajua ulipaswa kurudi saa ngapi? Kabla ya Meru niliandika karatasi, njia, siku, namba ya mwongozaji, na saa ambayo kama sijapiga simu basi aanze kuuliza. Nikampa. Alinigombeza saa mbili mfululizo, akalia kidogo, halafu akaibandika kwa friji. Nilipigiwa simu mara kumi na moja kabla ya kuvuka Namanga. Vumilieni. Ni sehemu ya kupanga.

Na msiniambie haya ni ya milima mikubwa tu. Hell's Gate ni mahali pa kwenda na baiskeli na soseji. Mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla ndani ya lile korongo yaliua watu waliokuja kujionea tu, siku ya kawaida. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, wewe uliko jua linawaka, na maji yanakuja. Siwasemi waliokufa, familia zao ziko. Nasema ile sentensi "ni hapo tu, hakuna noma" imeshawahi kuwa sentensi ya mwisho ya watu wasio na kosa lolote.

Basi turudi Cobra Point, kwa sababu komenti mia nne.

Kabla hatujaondoka Nairobi tulikaa kwa nyumba ya mmoja wetu tukaandika mambo mawili kwa daftari. Kwanza, saa ya kugeuka: tukiwa hatujafika kileleni saa moja asubuhi, tunageuka popote tulipo. Pili, hatugawanyiki. Mmoja akishindwa, wote tunashuka. Hii ya pili tulibishana karibu tukosane. Mimi ndiye nilikuwa naipinga, nisema ukweli. Nilisema askari na mwongozaji ni wawili, mmoja anaweza kushuka na mgonjwa na mwingine kuendelea nasi. Mwenzangu mmoja akaniuliza, je, wakati wa kuamua hayo nani atakuwa na akili timamu? Nikanyamaza. Nilijua anaongelea Lenana.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini tulikuwa Cobra Point. Upepo ulikuwa mbaya, minyororo tuliivuka polepole sana kwa sababu ya barafu, kwa hivyo saa zilikuwa zimeenda. Saa moja hatungefika, hata bila mgonjwa. Halafu mmoja wetu, ambaye alikuwa amenyamaza tangu Rhino Point, akaanza kukanyaga kama mtu ametoka baa. Mwongozaji wetu, mzee mmoja mpole wa Arusha, hakusema atazoea. Alichora mstari kwa majivu na fimbo akamwambia, "Mwanangu, tembea hapa, kisigino kiguse kidole." Hatua ya tatu akaenda kando. Akajaribu tena. Kando.

Mzee akatuangalia sisi, akasema, "Mmeona wenyewe."

Nitawaambia nilichokuwa nafikiria, na si kitu kizuri. Nilikuwa nafikiria ile video. Nilikuwa nimeahidi kilele. Nilikuwa nimepata mtu wa kunilipa kidogo kwa kuvaa kofia yake nikiwa kileleni, si Cobra Point. Kilele nilikuwa nakiona, kile kibao kiko pale, manze, kiko pale. Na kuna sauti kichwani ilikuwa inasema hivi: wewe hujawahi kumaliza kitu. Hiyo sauti naijua vizuri, ina sauti ya mjomba wangu siku ya ile mkutano ya familia nilipotoka chuo.

Daftari halikuwa na mjomba. Lilikuwa na mistari miwili tuliyoandika tukiwa tumeshiba, tumekaa kwa sofa, hakuna aliyechoka wala kuumwa. Tukageuka. Mwenye kofia alitaka pesa yake na nimemrudishia nusu, nusu nyingine nitalipa mwisho wa mwezi.

Tulivyoshuka jua lilikuwa limetoka, na lile shimo lote lilikuwa wazi, sasa kwa mkono wa kulia. Tulimweka mgonjwa katikati. Pale kwa minyororo barafu ilikuwa inaanza kuyeyuka, mwamba umelowa, na ilituchukua karibu nusu saa kuvuka watu wanne. Sikupiga video hata sekunde moja. Ndio maana mnaona ile video imekatika kutoka Cobra Point moja kwa moja hadi Saddle tunakunywa chai, na ndio maana mtu mmoja aliandika "mbona hamkuonyesha sehemu ngumu?" Sehemu ngumu mikono yote ilikuwa na kazi, buda.

Kufika Miriakamba alikuwa anaimba.

Kwa hivyo wewe wa "ungesonga tu". Ungesonga na nani? Ungemwacha wapi? Uliza hayo maswali kabla ya kuandika. Na wewe unayeuza bango la "kwa wanaoanza pia", watu ishirini na sita kwa waongozaji wawili, nitakuuliza hadharani kila nikikuona: mtu wa ishirini na sita akianza kumwita mwenzake kwa jina la dadake, mwongozaji gani anashuka naye, na wale wengine wanabaki na nani? Kama una jibu, andika hapo chini, nitalibandika juu kabisa. Nimeshauliza wawili kwa faragha. Mmoja aliniblock.

Ile video ya Lenana nimeibadilisha. Beshte yangu alinipa ruhusa, na yeye ndiye alisema niweke ile sehemu ya kutapika yote, na sauti. Iko juu tangu jana.

Na kuna kijana ameniandikia, amemaliza kidato cha nne, anataka Meru Desemba, hajawahi kupanda kitu, ana elfu kumi na mbili na anauliza kama itawezekana. Desemba hii hapana. Lakini Jumamosi ijayo sisi tuko geti la Longonot saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tutazunguka kinyume. Beba maji lita tatu, usivae jinsi, na uje na karatasi ambayo mamako amesoma. Beshte yangu atakuwepo pia, ndiye atatembea wa mwisho, na mwendo ni wake.